Upande wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Mvua ya kwanza imeanza leo alfajiri. Mwalimu, mchumba wangu, amenipa daftari hili. Anafundisha darasa la kwanza na anaamini kila mtu mzima ana jambo la kuandika, ila hajapewa daftari. Nikamwambia mimi ni fundi wa makochi, siku zangu zinafanana. Akasema basi niandike kwamba zinafanana. Harusi yetu ni tarehe ishirini na tano Mei.

Jumatano, 6 Machi
Vanishi haikauki kwa unyevu. Siku imefanana na jana.

Ijumaa, 8 Machi
Kaka yangu leo amemfukuza mteja aliyetaka kochi lake liishe kesho. Alimwambia akalale sakafuni mpaka jua litoke. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Msasa. Ana miaka arobaini na saba. Baba alipofariki nilikuwa na miaka sita, na Kaka aliacha kazi ya ujenzi huko mbali akarudi kunilea. Kufunga springi, kuvuta kitambaa kisikunjane, kuficha pini, yote amenifundisha yeye. Hajawahi kuoa. Watu wanasema ni kwa sababu ya kunilea mimi, na kwamba sasa hakuna mwanamke anayeweza kulalia msasa, na mimi kusema kweli nimekuwa nikiamini yote mawili. Nampenda, lakini ni mtu wa kupendwa ukiwa umekaa mbali kidogo.

Jumapili, 10 Machi
Jana mimi na Kaka tulipandisha kabati la milango mitatu hadi ghorofa ya pili, na tangu hapo nilikuwa nasikia kitu kinanivuta kwenye kinena. Leo nilikwenda karakana peke yangu kumalizia meza ya kujipambia ya mteja mmoja. Kioo chake ni kirefu, kinafika magotini. Nikafunga mlango, nikavua suruali, nikajiangalia.

Naandika kwa aibu. Nina miaka thelathini na miwili na sijawahi kujitazama kwa makini hata mara moja. Mtu anaoga, anajifuta, anavaa, anakwenda zake. Leo nimeona korodani ya kushoto imeshuka chini kuliko ya kulia, karibu upana wa kidole. Nikasogea kwenye kioo. Nikageuka huku na huku. Nikagundua tena kwamba ya kulia ni kubwa kidogo. Sasa mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kulinganisha. Mkono mmoja wa kochi ukizidi mwenzake kwa nusu sentimita, naubomoa naanza upya. Nilikaa chini kwenye maranda nikiwa vile vile bila suruali, nikajua lile kabati limenimaliza.

Jumatatu, 11 Machi
Mvua. Nimeangalia tena. Bado iko chini.

Jumanne, 12 Machi
Asubuhi kulikuwa na baridi kali, nikaona zimepanda zote mbili, nikafurahi peke yangu bafuni. Mchana jua likatoka kidogo zikashuka, ya kushoto ikitangulia.

Alhamisi, 14 Machi
Bado.

Jumamosi, 16 Machi
Nimekwenda kwa muuza dawa wa pale stendi, yule mwenye meza ya chupa na kipaza sauti. Nilisubiri watu wapungue, nikamwinamia sikioni nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima kabisa, kisha akanijibu, na kipaza sauti hakuwa amekizima. Stendi nzima ikasikia kwamba mshipa umeshuka upande mmoja na kwamba mtu wa namna hiyo kupata mtoto ni bahati nasibu. Wanawake wa genge la matunda waligeuka. Nikachukua poda aliyonipa, nikaondoka kwenye mvua bila kufungua mwavuli, ambao nilikuwa nao mkononi.

Jumanne, 19 Machi
Poda inaunguza kama pilipili. Maelekezo yake ni kupaka asubuhi na jioni na kufunga kwa mkanda ili korodani irudi juu. Nimekata kipande cha mkanda tunaouweka chini ya springi za kochi. Ninatembea kama mtu aliyebeba yai.

Jumatano, 20 Machi
Kaka ameniuliza kama nimeota jipu. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 24 Machi
Mwalimu alikuja karakana kuchagua kitambaa cha kochi letu wenyewe, la nyumbani kwetu. Alikuwa amejikinga mvua kwa mfuko wa plastiki kichwani na alikuwa anacheka kabla hajafika mlangoni. Alishika kijani, akashika rangi ya maziwa, akaniuliza ipi itaonyesha uchafu haraka watoto wakipanda na miguu yao. Nikasema yoyote. Akauliza tena, nikasema, "Mwalimu, chagua tu, mimi sijali." Aliviweka vitambaa vyote viwili mezani, akavikunja vizuri kama ananikunja mimi, akaaga. Nilitaka kumkimbilia lakini kwa ule mkanda nisingefika mbali.

Alhamisi, 28 Machi
Mama ananiuliza kwa nini sili. Ameanza kufuma kofia ndogo ya njano. Hakuna aliyemwomba.

Jumatatu, 1 Aprili
Mvua siku ya nne mfululizo. Ngozi imechubuka. Nimeitupa poda chooni. Iko chini.

Jumapili, 7 Aprili
Nimekwenda kuvunja uchumba. Nimeandika hivyo kwa mstari mmoja, lakini imenichukua wiki nzima kufika pale.

Mwalimu anakaa chumba kimoja na dada yake mkubwa, muuguzi wa meno, ambaye kwa bahati alikuwa kazini. Nilimkuta anasahihisha madaftari. Nikasema nimekuja kumweleza jambo, asinikatize. Nikamwambia nina ila ya mwili, kwamba nimeumia kwa kubeba mizigo, kwamba huenda nisiweze kumpa mtoto hata mmoja na sitaki aje ajute. Alinisikiliza kalamu ikiwa hewani. Akaniuliza ila gani. Nilizunguka, nikazunguka, mwisho nikamwambia. Nilikuwa natazama sakafu, na wino mwekundu ulikuwa umemdondokea kidoleni.

Hakucheka. Hilo nitalikumbuka hata nikizeeka. Akaniuliza tu:

"Amekupima nani?"

"Nimejipima mwenyewe."

"Kwa kifaa gani?"

"Kwa kioo."

Nikaona anauma mdomo wake wa chini, lakini hakucheka. Akasema kwamba mtoto wa darasa lake akimjia na jibu bila kuonyesha njia, hamwekei alama ya vema wala ya kosa, anamrudishia daftari. Basi na mimi ananirudishia. Niende hospitali, nipimwe na daktari, na kama bado nataka kumwacha nije na karatasi yenye mhuri. "Halafu kuhusu watoto," akasema, "mimi sikukubali posa ya watoto. Nilikukubali wewe." Kisha akaniuliza kwa nini natembea vile. Nikamwambia kuhusu poda na mkanda. Hapo ndipo alipotokwa machozi, na sikujua ni ya kucheka au ya nini, nadhani na yeye hakujua.

Jumanne, 9 Aprili
Ilibidi nimwombe Kaka ruhusa ya Alhamisi, na Kaka haruhusu mtu bila sababu. Nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake, nimeyapanga kichwani mapema yale atakayosema ili yasiniume. Hakusema hata moja. Alikuwa anapiga pini kwenye mgongo wa kiti. Aliweka nyundo chini, taratibu, kama imekuwa ya kioo. Akatoka nje akasimama chini ya bati, anatazama maji yanavyomwagika. Aliporudi akasema niende. Basi.

Alhamisi, 11 Aprili
Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nilipofika kwenye geti la hospitali saa moja asubuhi nilimkuta Kaka amesimama. Amevaa shati jeupe ambalo hulivaa msibani tu, na amenyoa ndevu. Nikadhani amekuja kunisindikiza, nikamshukuru. Akasema, "Twende tuchukue namba." Akachukua namba mbili.

Tulikaa kwenye benchi la mbao, benchi baya, miguu imeungwa kwa misumari badala ya gundi, na kwa kawaida angelitukana. Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Tulikuwa watu kumi na wawili mbele ya chumba namba nne. Kaka akaanza kusema akiwa anatazama ukuta wa mbele. Ninaandika kama nilivyosikia.

Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, kule kwenye ujenzi, wanaume walikuwa wanaoga pamoja kwenye pipa moja nyuma ya kambi. Siku moja msimamizi wao alimwona, akawaita wenzake waje wamtazame. Akasema huyu ametengenezwa na fundi mlevi, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Wakamtania mpaka kazi ya siku ile ikaisha. Mmoja wao, mtu mzima, akamvuta pembeni akamwambia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuua, kwamba ana mjomba wa namna hiyo na hakupata mtoto maisha yake yote. Wakati huo Kaka alikuwa na mchumba, binti wa fundi viatu. Baba akafariki mwezi ule ule. Kaka akarudi nyumbani, akamwandikia yule binti barua fupi kwamba sasa ana mdogo wake wa kulea na hana nafasi ya mke.

"Kwa hiyo watu wote walidhani ni kwa ajili yangu," nikasema.

"Na wewe pia," akasema. "Nilikuacha udhani hivyo. Nisamehe."

Miaka yote hiyo nimekuwa nikitembea nikijua kwamba kaka yangu hakuoa kwa sababu yangu, na kila aliponifokea nilijiambia ana haki. Na yeye miaka yote hiyo alikuwa amejificha nyuma yangu kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia fupi.

Wakaniita mimi kwanza.

Daktari ni mwanamume wa makamo, mnene, anapiga chafya kila baada ya dakika. Nilimwamkia, akaniambia nikae, nikamweleza kwa haraka ili nisirudi nyuma. Aliniuliza maswali kama fundi anayejua kazi: maumivu yapo? Yalianza ghafla? Kuna uvimbe umeuona unakua? Kuna kitu kigumu umekigusa? Mkojo una damu? Utotoni uliambiwa zote mbili zipo? Kisha akavaa glovu, akanipima nikiwa nimesimama, halafu nimelala, akaniambia nikohoe. Mikono yake ilikuwa ya baridi na akaniomba radhi kwa hilo. Akauliza michubuko imetoka wapi. Nikamwambia. Akapumua kwa pua, akaandika dawa ya kupaka ya michubuko, akaniambia ule mkanda niurudishe kwenye kochi.

"Sasa nisikilize," akasema. "Uko sawa. Si sawa kwa kukufariji, uko sawa kabisa. Wanaume wengi korodani moja huning'inia chini kuliko nyingine, na mara nyingi ni ya kushoto. Na moja kuwa kubwa kidogo kuliko mwenzake ni kawaida. Kubeba kabati hakukushusha kitu, umevuta msuli wa paja, na huo umeshapona wenyewe. Zikiona baridi zinapanda, zikiona joto zinashuka. Ndivyo ulivyozaliwa, ndivyo nilivyozaliwa mimi."

Nikamuuliza kuhusu watoto. Akasema kuning'inia chini hakumzuii mtu kupata mtoto. Kama baada ya mwaka mzima wa ndoa mtoto hajaja, tuje wote wawili, mimi na mke wangu, maana ni jambo la watu wawili. Akaniambia pia yale ambayo si ya kawaida, na akanifanya niyarudie kama mtoto wa darasa la Mwalimu: kitu kigumu kama punje, uvimbe unaokua, uzito mpya ambao hauondoki, damu kwenye mkojo. Na maumivu makali ya ghafla hayo hayasubiri kesho, ni hospitali saa ile ile. Mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, nijipapase kwa vidole. "Si kwa kioo," akasema. "Ujue mwili wako ulivyo, ili siku ukibadilika ujue umebadilika."

Nilitoka nikiwa mwepesi kama nimeshushwa gunia. Kaka alinitazama usoni, akasoma kila kitu, na uso wake haukufurahi. Uliogopa. Nikaelewa kwamba kama mimi ni mzima, basi na yeye huenda ni mzima, na kwamba hilo ndilo alilokuwa analiogopa zaidi.

Akaingia. Alikaa robo saa. Nilizisikia chafya za daktari na sikusikia sauti ya Kaka hata mara moja.

Alipotoka alipita benchi letu, akapita mlango, akaenda moja kwa moja mpaka ukumbi wa nje unaovuja. Nikamfuata. Alikuwa ameshika nguzo.

"Amesema niko sawa," akasema. "Hakuna kitu. Hakujawahi kuwa na kitu."

Kisha kaka yangu, aliyemfukuza mteja, aliyemfokea kila mtu mtaani pamoja na mbuzi wao, akalia. Alilia wima, bila kufunika uso, kwa ajili ya miaka ishirini na sita. Nilimshika mabega. Nikagundua kwamba nimemzidi urefu, na sikuwa najua.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimempelekea Mwalimu karatasi yenye mhuri. Ameisoma, akaichukua kalamu yake nyekundu, akaweka alama ya vema pembeni. Tumechagua kijani.

Jumatatu, 15 Aprili
Kaka hakuja kazini.

Jumanne, 16 Aprili
Hakuja. Mvua kubwa. Mama anasema amelala akitazama ukuta, anakula kidogo.

Alhamisi, 18 Aprili
Amekuja. Amevunja fremu ya kiti ambayo haikuwa na kosa lolote, akaitazama, akaiunganisha upya kimya kimya mpaka jioni. Mimi nilishika taa. Nilidhani nikimpa habari njema itamponya, lakini habari hii kwake ni njema na ni mbaya kwa pamoja, na sina zana ya kuitenganisha.

Jumapili, 28 Aprili
Kaka ameniambia leo tukiwa tunakata sponji kwamba yule binti wa fundi viatu aliolewa zamani, ana wajukuu. Hamtafuti. Alitaka tu mtu mwingine naye aijue ile habari, kwa sababu kuijua peke yake kumemchosha. Nikamuuliza kama ana hasira na wale watu wa kambini. Akafikiri. Akasema yule msimamizi hamkasirikii sana, watu wa kelele ni wa kelele. Anamkasirikia kijana wa miaka ishirini na mmoja ambaye hakumuuliza mtu yeyote anayejua. Nikamwambia yule kijana alikuwa na mazishi ya baba yake na mdogo wa miaka sita mgongoni. Akasema, "Hata hivyo." Lakini baadaye nilimsikia anapiga mluzi.

Jumatano, 8 Mei
Jua siku nzima. Vanishi imekauka kabla ya saa sita.

Jumatatu, 13 Mei
Saa nne sisi hukaa chini ya bati na wenzetu wa jirani kunywa chai: fundi wa kuchomelea, fundi rangi, dereva wa lori la mbao. Wanakuja kwa ajili ya chai na kwa ajili ya kuchokozana na Kaka. Leo fundi rangi akamtania dereva kwamba anatembea upandeupande kama kiti kibovu. Wote wakacheka. Kaka hakucheka. Akaweka kikombe chini akasema hapa kwake mzaha huo umekwisha leo. Kisha, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza namna ya kupiga randa, akawaeleza yote: kambi, pipa, barua, hospitali, ya kushoto na ya kulia. Hakuficha hata kwamba alilia. Nilitegemea kicheko na hakikuja. Fundi wa kuchomelea, mwenye watoto watano, akauliza polepole, "Kwa hiyo ya kushoto ni kawaida kabisa?" Akaambiwa kawaida kabisa. Akashusha pumzi iliyokuwa imekaa ndani nadhani tangu ujana wake.

Alhamisi, 16 Mei
Mama amenisimulia jambo. Jana jioni Kaka alikaa naye jikoni, akamenya vitunguu vyote bila kuombwa, halafu akamwambia, "Mama, ulikuwa unaniuliza kuhusu kuoa, ukaacha. Ukitaka unaweza kuanza tena." Mama akamwambia, "Wewe ni mzee sasa," naye Kaka akasema ana miaka arobaini na saba, hana mia. Mama ameanza kofia ya pili. Ameniambia si lazima iwe ya mtoto.

Jumamosi, 25 Mei
Nimeoa. Hakuna muda wa kuandika.

Jumatatu, 3 Juni
Mvua zimekwisha, barabara imeanza kutoa vumbi. Mke wangu ameniuliza kama daftari limejaa. Bado kurasa mbili.

Leo asubuhi, chai ilipokwisha na wengine wakaondoka, dereva wa lori alibaki. Alijifanya anakagua mbao zake, akazihesabu mara tatu. Mwisho akamwita Kaka pembeni. Sikusikia maneno, niliona tu mikono ya dereva ikionyesha ukubwa wa kitu, kisha ikajificha mfukoni. Huenda kwake si jambo la kawaida, maana alisema, Kaka ameniambia baadaye, kwamba uvimbe umekuwa ukikua mwaka mzima na anaona aibu kuwa wa kwanza kuutaja. Kaka hakumwambia yuko sawa. Alimwambia hajui, na kwamba kuna mtu mnene anayepiga chafya ambaye anajua, na kama ni maji yamejaa kwenye korodani, hutibiwa.

Kulikuwa na makochi mawili ya kumaliza leo. Kaka alivua aproni, akaitundika, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akaniambia karakana nifunge mimi. Wakatoka pamoja, dereva akiwa anaongea bila kukoma kama mtu aliyefunguliwa bomba, na Kaka kando yake, amepunguza hatua zake ndefu ili mwenzake asiachwe nyuma. Nilisimama mlangoni na nyundo mkononi mpaka wakapinda kona. Njia nzima hiyo, Msasa hakumkatiza hata mara moja.